Nakala za akiba za usiku: kinachoandikwa na kinachosomwa

Programu ya rsync, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, kwa kawaida hunakili mafaili kimyakimya, lakini wengi wetu tulifundishwa kuiongezea -v, nayo hapo hutaja jina la kila faili inalolinakili. Katika ofisi ndogo ninayoihudumia hapa Area C, Dodoma, ambako hati zilizochanganuliwa kwa skana hunakiliwa kila usiku kwenda kwenye diski ya pili, orodha hiyo ni ndefu mno kwa mtu kuisoma, na mstari mmoja wa kosa ukiwa katikati yake hauonekani.

Dawa inayonakiliwa zaidi, yaani kumalizia amri kwa > /dev/null 2>&1, naiona ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Programu huandika katika njia mbili, moja ya maelezo ya kawaida na nyingine ya makosa, na amri hiyo huzitupa zote mbili. Cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, panapokuwa na mfumo wa barua uliowekwa sawasawa, hutuma kwa barua pepe chochote kilichoandikwa na kazi iliyoendeshwa nayo. Ukitupa njia ya kwanza pekee, barua itakayokufikia itakuwa na makosa tu.

Undani nauelekeza kwenye faili la kumbukumbu kwa --log-file, ambalo rsync huliandika hata kama skrini ni tupu. Humo kila badiliko hutanguliwa na alama: >f+++++++++ ni faili jipya, >f.st...... ni faili lililobadilika ukubwa na muda, na *deleting ni lililofutwa upande wa nakala. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitafuta kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, kabla ya nyingine zote, kwa kuwa anayetumia --delete, chaguo linalofuta kwenye nakala kile kisichokuwapo tena kwenye asili, anaweza kupoteza nakala nzuri kwa sababu tu mtu alifuta asili yake mchana. Chaguo la --info=progress2, linaloonyesha maendeleo ya kazi nzima katika mstari mmoja, linamfaa mtu aliyeketi mbele ya skrini, si cron.

Namba ambayo programu huiacha inapomaliza nayo isipuuzwe. Kwa rsync, 24 humaanisha kwamba baadhi ya mafaili yalitoweka kabla ya kunakiliwa, jambo la kawaida pale watu wanapoendelea na kazi, ilhali 23 humaanisha kuwa baadhi hayakunakiliwa kwa sababu ya kosa. Restic, programu nyingine ya nakala za akiba, hutoa 3 inaposhindwa kusoma sehemu ya data. Hati yangu ya amri (script) inayoendesha kazi hii huinyamazia 24. Namba nyingine yoyote isiyo sifuri huifanya ichapishe mistari ya mwisho ya kumbukumbu.

Hata hivyo, barua isipokuja huenda umeme ulikatika na kazi haikuanza kabisa. Kwa hiyo kila Jumatatu naiacha rsync ichapishe --stats, yaani muhtasari wa takwimu za kazi, ili barua ije hata pasipo kosa.