Kabla hujaigawa kompyuta ya zamani, toa leseni zako

Narekodi kwaya hapa Mbeya, na kazi zangu zote zinaishi ndani ya kompyuta moja. Mwaka huu nimeunga mpya, maana madabodi (ubao mkuu wa ndani) ya ile ya zamani haina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Ya zamani nimempa mdogo wangu anayeanza chuo. Kuhamisha nyimbo ni suala la diski ya nje na subira. Leseni za programu ndizo zinazotaka akili, na naandika haya kwa maprodyuza wenzangu wanaonipigia simu wakiwa tayari wameshauza mashine.

Anza kwa kujua kila leseni inakaa wapi. Kuna iliyo kwenye madabodi, kuna iliyofungwa na kompyuta nzima, kuna iliyo kwenye kijiti cha USB, na kuna ambayo iko kwenye akaunti yako tu. Ukishajua hilo, utajua pia kama ni lazima mashine ya zamani iwe hai ndipo uitoe.

Kwa Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike slmgr /dli, kisha subiri kidirisha kitokee. Ukisoma RETAIL, yaani leseni iliyonunuliwa peke yake, ondoka nayo, ni yako. Ukisoma OEM, imezaliwa na mashine hiyo na itazikwa nayo. Laptop nyingi zilizotoka kiwandani na Windows yake ziko hivyo, na tangu Windows 8 ufunguo wenyewe wa leseni huandikwa ndani ya madabodi, hivyo usihangaike kutafuta stika. Ukikuta VOLUME kwenye mashine ya mtumba, leseni ile ilinunuliwa na ofisi au taasisi fulani kwa matumizi yake, wala hukuinunua wewe ulipolipia kompyuta.

Yangu ilikuwa RETAIL. Kwenye ya zamani nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika slmgr /upk, ufunguo ukatoka, halafu slmgr /cpky ili usibaki hata kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Amri hizo haziwaarifu Microsoft chochote. Zinahakikisha tu kwamba ufunguo mmoja hautumiki kwenye mashine mbili. Kisha nikauingiza kwenye mpya, herufi na tarakimu zake 25. Ufunguo wa Windows 10 unaikubali Windows 11, hulipi tena. Ila kabla ya kutoa chochote, unganisha leseni na akaunti yako ya Microsoft. Ikigoma upande wa pili, utaingia kwenye sehemu ya kutatua matatizo ya leseni, useme umebadilisha vifaa karibuni, uchague mashine yako kwenye orodha. Mdogo wangu nimempigia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na kwa kuandika kazi za chuo inamtosha kabisa.

FL Studio, programu ninayotengenezea muziki, haina usumbufu. Leseni iko kwenye akaunti ya Image-Line, watengenezaji wake: unaingia, inafunguka. Kama studio haina bando siku hiyo, pakua faili la FLRegkey kutoka kwenye akaunti yako ukiwa kwingine, ulilete kwa flashi.

Plagini, yaani programu ndogo za sauti zinazofanya kazi ndani ya programu kama FL Studio, ndizo zinazoliza watu. Simu ninazopokea zinafanana: "Kaka, nimepiga Windows upya, sasa plagini inasema leseni iko kwenye kompyuta nyingine." Hiyo kompyuta nyingine ni hiyo hiyo aliyonayo mkononi, kabla hajaifomati. Kwenye orodha ya mtengenezaji mashine ya zamani bado imeshika nafasi, na imekufa bila kuiachia.

Kwa leseni za iLok, mfumo wa kutunza leseni unaotumiwa na watengenezaji wengi wa plagini, mtengenezaji wa plagini ndiye anayeruhusu zikae kwenye kijiti chao, kwenye wingu, au kwenye kompyuta. Zilizo kwenye kompyuta zitoe ukiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, intaneti ikiwaka, moja moja, na usiizime mpaka umeziona zimerudi kwenye akaunti. Waves, watengenezaji wa plagini, ni hivyo hivyo kupitia programu yao ya Waves Central: unairudisha leseni kwenye wingu, kisha unaichukua kwenye mashine mpya. Leseni zao zinakubali pia kukaa kwenye flashi ya kawaida. Mashine ikifa ghafla wana njia ya kuirejesha leseni, lakini ni mara moja kwa mwaka, kwa hiyo msiitegemee kama desturi.

Na kabla ya kutoa leseni hata moja, fungua kila wimbo ambao haujakamilika. Nilikuwa na kwaya moja ambayo sauti ya kwanza ilipita kwenye plagini ya mwangwi, na mwalimu wao alikwishaukubali ule mwangwi kwa masikio yake mwenyewe. Nikaitoa kila sauti kama faili la wav, mara mbili: moja ikiwa na mwangwi, nyingine kavu. Mradi mzima nikaufungasha kwenye zip pamoja na sampo zake, FL Studio inafanya hivyo yenyewe. Hata plagini ikichelewa kufunguka upande wa pili, kazi ya watu haikwami. Hapo ndipo naona ubaya mkubwa wa kreki, yaani programu iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni: kuna wanakwaya waliochanga fedha zao kulipia studio, na wimbo wao unategemea faili usilojua limetoka wapi wala kama litapatikana tena.

Wenye Cubase Pro (programu nyingine ya kurekodi) za kabla ya toleo la 12, leseni yenu iko ndani ya kijiti cha eLicenser. Steinberg, watengenezaji wake, walihamia mfumo usio na kijiti mwaka 2022, na huduma ya ule wa zamani ikafungwa Mei 2025. Kijiti kizima bado kinafanya kazi ukikichomeka kwenye kompyuta mpya yenye programu ya kukisoma, ila kikivunjika hakuna tena wa kukuhamishia leseni kwenye kingine. Kichomekeni nyuma ya CPU, mbali na miguu na mikoba ya wanakwaya.