Mama, baba, papa: lugha ya alama kwenye jamvi la karafuu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la viziwi hapa Wete, Pemba, niliwaita wazazi Jumamosi niwafundishe lugha ya alama. Nilitandika busati, nikachora herufi za vidole ubaoni, na chai nikapika. Familia 11, wakaja kinamama wawili, na mmoja wao alikuwa njiani kwenda sokoni. Nilikasirika sana. Nikasema wazazi hawa hawajali. Mwalimu mwenzangu akanicheka: "Umewaita msimu wa karafuu, ulitegemea nini?"

Basi nikawafuata mimi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mtoto nitakayemwita Makame. Ana miaka 9, na masikio yake yalizibwa na homa ya uti wa mgongo kabla hajatimiza miaka miwili. Mtaani wakimwita Bubu, jina ambalo kiziwi yeyote akilijua maana yake linamchoma. Skuli ndiye msemaji kuliko wote, mikono haitulii. Lakini mama yake aliniambia, "Nyumbani mkimya, mwalimu, hana neno." Angelipeleka kwa nani hilo neno? Kati ya watoto viziwi 100, zaidi ya 90 wazazi wao wanasikia. Mtoto anajifunza lugha skuli, akirudi nyumbani hana wa kusema naye.

"Si umfundishe asome midomo tu," mama akasema. "Ataishi na watu wanaosema."

Sikubishana naye. Nilimwomba anitazame, nikatamka bila sauti: mama, baba, papa.

"Nimesema nini?"

"Mama," akajibu. "Halafu mama. Halafu... mama tena?"

Bibi mtu, aliyekuwa amekaa pembeni, alicheka mpaka akashika mbavu. Naye nikamjaribu, akaambulia vivyo hivyo. M, b na p zote hufumbwa midomo namna moja, kinachozitofautisha hakionekani. Kuanzia siku ile habari ya kusoma midomo haikutajwa tena nyumba ile.

Darasa lenyewe likawa usiku, kwenye jamvi, watu wanachambua karafuu, wanazitoa kwenye vikonyo vyake. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifunza: mikono inayochambua haiwezi kusema. Ukitaka kumwambia mtoto kitu, uweke kichane cha karafuu chini, umguse bega akutazame, ndipo useme. Bibi alilalamika kwamba nikija mimi kazi hailali, inakesha. Na taa nayo ilikuwa tatizo. Ilikuwa imetundikwa mlangoni, nyuma ya mama, kwa hivyo Makame alikuwa anaona kivuli tu kikipunga mikono. Tukaihamishia upande wake, ikimulika nyuso zetu. Uso lazima uonekane, maana swali limo kwenye nyusi. Ukiwa na uso mkavu mtoto hajui umemuuliza au umemwamrisha.

Nilikosea kitu kimoja, na bado kinanisumbua. Wao walikuwa na ishara zao za nyumbani. Karafuu, kwa mfano, ilikuwa kusugua ngumi kwenye kiganja, kama mtu anayechambua. Mimi nikazikataza, nikitaka alama za skuli tupu. Wiki mbili bibi hakunyanyua mkono. Nilipomwomba radhi na kumwomba yeye anifundishe ishara zake, akanifundisha zaidi ya 30 kwa usiku mmoja, moja ikiwa ya jirani fulani ambayo siwezi kuieleza hapa. Tukawa tunaweka alama ya skuli ubavuni mwa ya nyumbani. Makame mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsahihisha bibi, anamshika vidole na kuvinyoosha kimoja kimoja.

Baba mtu alikuwa dago miezi ile, kambini mbali na nyumbani. Aliporudi alijifunza alama za chakula na za pesa, akaona zinatosha. Sikumlazimisha.

Usiku mmoja mwisho wa msimu Makame aliweka kichane chini, akamgusa bibi bega. Akauliza babu atarudi lini. Mama yake akaganda. Babu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mtoto aliona watu wamejaa, aliona jeneza likitoka, na hakuna aliyemwambia kitu, maana hakuna aliyekuwa na namna ya kumwambia. Muda wote ule alidhani babu kasafiri.

Bibi alinitazama. Nikadhani ananitaka nijibu mimi, nikaanza kunyanyua mikono. Akanishusha mkono. Akaanza mwenyewe, pole pole, alama za skuli na za nyumbani zimechanganyika: babu, kuumwa, kulala, Mungu. Makame akauliza tena, akajibiwa tena. Akauliza wapi alipozikwa. Akauliza kwa nini hakuitwa.

Karafuu za usiku ule zilimaliziwa alfajiri, na bibi hakunilaumu.