Friji Inaimba Nini

"Baba, friji inaimba wimbo gani?" Juzi usiku binti yangu kapiga magoti jikoni, sikio kwenye mlango wa friji. Nikamwambia ina noti moja tu, akalale. Yeye akalala. Mimi usingizi ukaruka, nikarudi kimawazo kwenye chumba kimoja cha Birmingham, Uingereza, mimi na mwenzangu.

Magita mawili, ngoma hakuna, besi hakuna. Tulikwenda kupiga noti moja nusu saa nzima. Ni mji uleule ambao mashine ya kiwandani ilimkata Tony Iommi, mpiga gita wa bendi ya Black Sabbath, ncha za vidole viwili. Kufikia 1971 Black Sabbath walishalegeza nyuzi toni moja na nusu kwenye baadhi ya nyimbo, vidole vyake vipate nafuu. Sisi, na vidole vyetu vizima, tulishuka hadi noti ya A, mitetemo 55 kwa sekunde.

Uzi mnene wa kawaida, unene wa inchi 0.046, ukiushusha huko unakuwa kamba ya kuanikia nguo: unagonga vyuma vya shingo, na kila ukiupiga noti inaanzia juu kisha inaporomoka. Nikafunga wa 0.070. Lakini sikuutanua mfereji wake kwenye kile kipande cha mfupa karibu na kichwa cha gita, na A yenyewe niliitafuta kwa kulegeza badala ya kukaza. Uzi ukabanwa pale, nami nisijue.

Amplifaya zilikuwa za vali, zile chupa za kioo zinazopata moto. Tulichomeka spika kwanza (ukisahau, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua), tukawasha, tukasubiri. Vumbi likaanza kuungua juu ya vali, harufu ya pasi iliyosahauliwa. Mvumo nao ukaja. Mwenzangu akataka kukata waya wa ethi. Nikamwambia huko ni kutafuta kaburi. Tukahamishia zote mbili kwenye ekstensheni moja, mvumo ukapungua. Vizibo masikioni. Pedali ya fazi, ile inayoikwaruza sauti ya gita, chini ya kiatu.

Mwanzoni ilikuwa kelele nzito, basi. Nilisimama hatua mbili mbele ya spika ili sauti irudi kuutikisa uzi usife. Nikisogea kidogo tu, inarukia A ya juu.

Kama dakika ya kumi hivi nikasikia: ting! Uzi umejinasua kwenye mfereji, umelegea unywele tu. Wangu ukawa kama 54.5, wa mwenzangu uko palepale 55. Tofauti ni nusu mtetemo kwa sekunde, sauti mbili zinakutana na kuachana. Kila sekunde mbili chumba kinavimba, kinanywea, kinavimba. Na kwa kuwa fazi hukuza sauti za juu zilizojificha ndani ya noti, A ya juu yake ikawa inapumua kila sekunde moja, A inayofuata mara mbili kwa sekunde. Ngoma ikapatikana, mpigaji hayupo. Suruali inatetemeka magotini, pumzi yangu inafuata bila kuulizwa. Bibi angekuwapo angeuliza ni pepo gani anapungwa. Mwenzangu akanionyesha taa nyekundu ya kipima noti. Nikatikisa kichwa: usiguse.

Kesho yake niliuchonga mfereji, nikaupaka risasi ya penseli. Uzi haukuteleza tena. Tukalegeza mmoja kwa makusudi, kwa kipimo, 54.5 kamili, na wimbi likaja vilevile. Ila safari hii nilikuwa nalihesabu.