Mgeni aliponiambia usiku haukuwa "the quietest", nikamjibu ahsante

Zanzibar ya kiza, walioionja hawaisahau. Desemba 2009 umeme unaotujia Unguja kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu ya kaskazi bila feni, mifereji mikavu kwa sababu pampu nazo zinataka umeme, na kila uchochoro wa Mji Mkongwe una jenereta linalonguruma. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni, na asubuhi zangu zote ziliishia kwenye malalamiko ya Kiingereza.

Kiingereza nilikuwa nacho, cha skuli. Kilichonitesa ni pale mgeni anapotaka kusema jambo limemfika shingoni. Sisi tukikerwa tunasema kelele zimezidi, hazivumiliki, mbaya kuliko zote. Neno "mbaya" lenyewe halibadiliki, tunaliongezea mkia tu. Kwa hiyo siku moja niliwabandikia wageni karatasi ya kuomba radhi: "This noise is bad than all." Mwenzangu wa zamu ya usiku akaisoma akaniambia, "Yakhe, weka the most kila pahala, watakufahamu." Nikaweka. Nikawa nasema the most hot, the most noisy, the most worst. Ushauri ule unanikera hadi leo, maana ulinifanya nijihisi nimeshajua, nikaacha kusikiliza.

Ndipo akaja bibi mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, mpole. Tukampa chumba cha nyuma, na dirisha lake lilikuwa juu ya jenereta hasa. Asubuhi ya kwanza akaniambia: "It wasn't the quietest night, I must say."

Nikapiga hesabu kwa haraka. Quietest ni tulivu kuliko zote. Usiku wake haukuwa tulivu kuliko zote. Basi ulikuwa na utulivu wa kadiri, ila ziko siku zilizoupita. Nikafurahi. Nikamwambia, "Thank you, madam." Akanitazama kitambo, kisha akarudi kwenye chai yake.

Asubuhi ya pili: "Not the most comfortable of nights, I'm afraid." Nikafahamu kwamba kitanda kinafaa ila si cha mfalme, nikampelekea mto wa ziada, na nilimpelekea kwa moyo safi kabisa. Asubuhi ya tatu akashuka na sanduku lake. Hakupaza sauti. Akaandika kwenye daftari la maoni kwamba lile lilikuwa "the loudest generator I have ever slept beside", na siku mbili alizokuwa amezilipia mbele tukamrudishia fedha zake. Meneja akaniita: "Anasema alikwambia jana na juzi."

Kweli aliniambia. Lilinichoma sana, kwa sababu vyumba viwili vya upande wa njiani vilikuwa vitupu na funguo zake zimo kwenye droo yangu.

Mtaani kwetu alikuwako mwalimu mstaafu. Nikaanza kumwendea jioni, tunakaa barazani na taa ya chemni, na malipo yake yalikuwa mafuta ya taa, kichupa kwa wiki au zaidi kidogo. Yale ya kutia -est kwenye maneno mafupi na most kwenye marefu sitayarudia, yamo katika kila kitabu cha sarufi. Nilipomtajia "the most worst", akasema hata Shakespeare aliandika "the most unkindest cut of all", katika Julius Caesar, tamthilia ile ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitia Kiswahili. "Lakini hiyo ni miaka mia nne iliyopita, mwanangu. Wewe uko mapokezi leo."

Kisha nikamsomea maneno ya yule bibi. Akayasikiliza, akasema: "Hapo usipige hesabu. Mwingereza akitia not mbele ya neno kama hilo, anakupa kinyume chake kwa adabu. Kakwambia hakulala."

Zile sentensi nyingine tulizitoa kwenye daftari la maoni lenyewe, nililinakili kurasa kadhaa. Hapo ndipo nilipopata kitu ambacho hakuna aliyenifundisha skuli: tazama mpaka wa maneno, utajua la kufanya. Mgeni akisema "the noisiest room in the house", mpaka wake ni nyumba. Anaamini viko vyumba bora, basi mhamishe. Akisema "the noisiest place I have ever stayed in", mpaka wake ni maisha yake yote. Chumba kingine hakitamponya, zungumza naye habari ya fedha. Akisema "the worst thing about the room is the smell", amekusamehe mengine yote, shughulikia harufu tu. Na "one of the worst" ina nafasi ya kupumua, kwani ameshawahi kukutana na mabaya mengine akayamaliza.

Kilichonichukua muda zaidi ni sikio. Worse (mbaya zaidi) na worst (mbaya kuliko zote), mtu akisema haraka, ile t ya mwisho inamezwa, na masikio yetu yaliyozoea maneno yanayoishia na irabu hayaidaki. Nikajifunza kuinasa "the" inayotangulia. Nikiisikia, najua yule hafananishi jana na leo. Yamemfika.

Februari akaja bwana na mkewe, chumba kile kile cha nyuma, nyumba imejaa. Asubuhi bwana akasema, "We haven't had the best night." Sikumshukuru. Nilimwambia, "I am sorry you could not sleep. A front room is free at ten." Nikamwona mkewe anaweka kikombe chini na mabega yake yanashuka.

Umeme uliporudi nikamwandikia mwenye nyumba, aliyekuwa akiishi Ulaya, kwa Kiingereza changu bila mtu kunisahihisha: "The generator is the worst thing about this house. It is the loudest machine in the lane, and our quietest guests leave without telling us why." Alijibu siku ya pili. Fundi akaja, jenereta likahamishiwa ua wa nyuma kabisa, likajengewa kibanda cha matofali, na chumba kile nikaanza kukitoa bila kuinamisha macho.