Shoo zangu za laivu, na nilivyompeleka shangazi Ngome Kongwe

Muziki wa kwenye simu nausikiliza kama watu wote, lakini hela yangu ya starehe inaenda kwenye vyombo vinavyopigwa mbele ya macho yangu. Playback sitaki. Msanii anawekewa wimbo wake, anapokezana na sauti yake mwenyewe, sisi tunamalizia kiitikio, shoo imekwisha. Hapo nimelipa kiingilio kumwangalia mtu akirukaruka.

Ugonjwa huu niliupatia kwenye dansi, Dar es Salaam, enzi nimepanga chumba Ilala. Majirani walikuwa mashabiki wa bendi mbili, ama Msondo ama Sikinde, na ukisema wewe huna upande hawakuamini. Msondo Ngoma ndiyo ile iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, ndiyo maana mashabiki wake wanaiita baba ya muziki. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilizaliwa 1978. Muhidin Gurumo, aliyefariki Aprili 2014, aliimba kote kuwili, kwa hiyo hata ugomvi wenyewe ulikuwa wa watu wa nyumba moja. Mimi Sikinde, na msinibishie.

Dansi ina adabu zake. Ukifika saa mbili usiku utakuta viti vitupu na mtu anajaribu maiki. Bendi inafungua kwa kupasha vyombo, chipukizi wanaimba nyimbo za wakubwa, wakongwe wako mezani na soda zao wanasalimiana na watu. Utamu unaanza usiku ukishaingia. Nilijifunza pia kutokukimbilia mbele. Mbele kabisa spika zinameza kila kitu, unabaki na besi kifuani huku trampeti huzisikii. Mimi nakaa jirani na meza ya fundi mitambo. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, basi hapo alipo ndipo vyombo vyote vinapokutana.

Usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni ule umeme ulipokatika. Wimbo ulikuwa umeshatoka kwenye mashairi, umeingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi ya kuchezea, watu wote wako katikati ya ukumbi. Giza. Magitaa yakafa palepale, lakini trampeti haina habari na TANESCO, na mpiga tumba ndiyo kwanza amechanganya. Wakaendelea hao wawili watatu, mwimbaji akawa anaimba kavukavu, asiposikika ukumbi unammalizia maneno. Jenereta lilipowaka mpiga solo aliingia pale pale walipokuwa, hakuna aliyesimama kuulizana. Chemko ya redioni ina mwisho wake, maana mkanda ulikuwa na kipimo. Ile ya ukumbini inaisha watu wakichoka.

Zanzibar nilianza kwenda kwa ajili ya Sauti za Busara, tamasha la kila Februari ndani ya Ngome Kongwe, hapo mkabala na Forodhani. Lilianza 2004. Mkazi analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na mimi nalala kwa rafiki mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo mjini, kwa hiyo gharama kubwa ni boti. Humo ndimo nilimwona Bi Kidude, yule mwimbaji mkongwe wa taarab, akiwa hai. Bibi mdogo wa umbo, ngoma yake ndefu ameibana katikati ya miguu, sauti ina mikwaruzo lakini inafika mpaka ukutani. Vijana waliokuwa wanapiga kelele nyuma yangu walinyamaza wenyewe. Alifariki Aprili 2013, na kila nikipita pale namsimulia mtu, ataka asitake.

Nyumbani aliyenisikiliza kwa makini ni shangazi yangu mkubwa. Yeye ni wa Tanga, msichana wa enzi za klabu za Black Star na Lucky Star, taarab ya Tanga ilipoingiza gitaa la umeme na besi. Anasema watu walikuwa hawaazimani chumvi kwa sababu ya klabu. Ila alikuwa hajavuka bahari hata siku moja. Nikamwambia, shangazi, tutakwenda. Akakubali, tukapanga Februari 2016, na mwaka huo ndio tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Liliporudi 2017 magoti yake yalikuwa yanamsumbua. Tukasogeza, tukasogeza tena, nikaanza kuona aibu kulitaja.

Hatimaye tulikwenda, na niliipanga safari kuliko nilivyopanga harusi yangu. Boti ya asubuhi, na viti vya chini katikati, ambako mtikisiko ni mdogo. Kipande cha tangawizi cha kutafuna. Mchana alale, asizungushwe sokoni Darajani. Nilijua taarab asilia imewekwa mapema jioni, kwa hiyo tuliingia geti lilipofunguliwa tu. Ngazi za mawe za ukumbi ule ni ngumu kwa mtu mzima, nikamwomba kijana wa ulinzi kiti cha plastiki. Akaniambia haruhusiwi. Shangazi akamwita, "Mwanangu, mama yako mzima?" Kiti kikaja, na mto juu yake. Nikakiweka pale pale pangu, karibu na fundi mitambo.

Noti za elfu moja moja nilikuwa nimezichenji mapema, maana huwezi kwenda kumtunza msanii pale jukwaani halafu usubiri chenji. Walipoanza, fidla na akodiani mbele, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, pembeni, shangazi alikaa kimya wimbo mzima wa kwanza, mikono mapajani. Nikaogopa hakupenda. Wimbo wa pili mwimbaji alipofika kwenye ubeti wa mtu anayekula kwako na kukusema, shangazi akainuka. Magoti gani! Akaenda taratibu, bega moja mbele, noti juu, kanga imefungwa vizuri. Mwimbaji akamwinamia kupokea. Shangazi akampita, akaenda kuiweka noti juu ya kanuni, mbele ya mzee aliyekuwa anapiga kwa vidole vyake viwili vya shahada vilivyovikwa vipande vya kupigia. Mzee hakuacha nyuzi, alitingisha kichwa tu. Watu wakapiga vigelegele.

Aliporudi nikamuuliza mbona kamruka mwimbaji. "Mwimbaji ana watu wake. Yule nani anamwona?"

Nilidhani taarab ikiisha ataomba kwenda kulala. Ikapanda bendi ya vijana yenye drums nzito, nikachukua mkoba wake. Akaniambia niuweke chini. Akakaa mpaka mwisho, anauliza kila chombo ni nini, anamsema mpiga gitaa kwamba anajipenda mno. Kwenye boti ya kurudi alilala fofofo, tangawizi haikuguswa.

Sasa kazi iliyobaki ni Sikinde. Nimemweleza kwamba dansi si taarab, wanachelewa kupanda, viti vibovu, na kurudi ni kwa bajaji usiku wa manane. Akajibu yeye analala mchana, mimi nitafute bajaji, na zile noti nichenji nyingi kidogo kwa sababu wapiga trampeti wako zaidi ya mmoja.