Sarafu zenye tundu la mraba

Leo nimesimama zaidi ya nusu saa mbele ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho mjini Samarkand, Uzbekistan. Ndani mna sarafu ndogo za shaba, zimefanya kutu ya kijani, kila moja na tundu la mraba katikati. Nilidhani ni za Wachina. Kumbe ni za Wasogdi, watu wa kale wa eneo hili, wale wafanyabiashara wa Njia ya Hariri, njia ya kale ya biashara kutoka China kuelekea magharibi!

Umbo waliliiga China. Mwaka 621 nasaba ya Tang ilitoa sarafu ya Kai Yuan Tong Bao, na baadaye watawala wa Sogdiana, nchi ya Wasogdi, wakasubu zao kwenye kalibu, wakaweka majina yao kwa hati ya Kisogdi na alama ya ukoo.

Sarafu za madini ya fedha na hariri zilibeba biashara kubwa. Hizi za shaba zilikuwa za sokoni, za mahitaji ya kila siku, ndiyo maana zimenigusa sana. Kule Panjikent, ng'ambo ya mpaka nchini Tajikistan, wanaakiolojia wamezichimbua kwa maelfu. Mtawala wa mji huo, Devashtich, aliuawa mwaka 722 Waarabu walipoiteka nchi. Namfikiria mwenye duka wa siku zile, akihesabu mauzo yake jioni.