Nafasi Kati ya Maneno Mawili

Barua ya wito wangu wa kwenda kuwa mmisionari Lubumbashi, Kongo, ilipofika, mama aliisoma mara mbili, kisha akauliza kwa nini nifundishwe Kifaransa ilhali watu wa Lubumbashi wanazungumza Kiswahili. Swali lake lilikuwa la haki. Kiswahili cha Katanga husikika katika kila soko la mji ule, na baadaye nami nilikizoea. Lakini barua ilisema kwamba ningehubiri kwa Kifaransa, lugha ya shule na ofisi za Kongo, na huko ndiko nilikopaswa kuanzia. Nilikuwa na umri wa miaka 19. Kimeru nilikipata kwa bibi, Kiswahili mtaani, Kiingereza sekondari. Kifaransa sikuwa nacho hata neno moja.

Hiyo ilikuwa Aprili 2021. Kabla ya hapo mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho aliingia kwanza katika kituo cha mafunzo, kama kile cha Provo, Utah, au kile cha Ghana, akakaa humo wiki kadhaa akijifunza kufundisha injili na, ikibidi, akijifunza lugha. Lakini tangu Machi 2020 mafunzo yalikuwa yamehamia mtandaoni kwa sababu ya UVIKO-19. Kwa hiyo mimi nilianzia chumbani kwetu, Kijenge, Arusha, nikiwa nimevaa nguo za Jumapili na beji nyeusi kifuani, mbele ya kompyuta ya kuazima iliyowekwa juu ya meza ya cherehani ya mama, huku nikihesabu bando kila jioni kama mtu ahesabuye unga.

Mafunzo yale hayamngoji mtu aijue lugha ndipo aitumie. Siku ya kwanza tulipewa sentensi chache za sala, na siku ya pili tukaanza kusali kwa sentensi hizo. Jambo hilo lina mzizi wake katika imani yetu: ufunuo ambao Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, aliupokea Kirtland, Ohio, Machi 1833, unaahidi kwamba kila mtu ataisikia injili kwa lugha yake mwenyewe, na niliamini, kama ninavyoamini hadi leo, kwamba ahadi hiyo hutimizwa na vinywa vya vijana wanaoanza kwa kujikwaa.

Siku hiyo ya pili mwalimu aliniomba nifungue darasa kwa sala. Niliinamisha kichwa. “Notre Père céleste”, yaani, Baba yetu wa mbinguni, ilinitoka vizuri. Sentensi iliyofuata ilikuwa na maneno manne tu, “Tu es notre Père”, yaani, Wewe ni Baba yetu, nami niliisema upesi kwa kuogopa kuisahau. Mwishoni, nilipofika kwenye jina la Yesu, ulimi ulikwama kabisa, kwa maana katika “Jésus” kuna u ile ile iliyomo katika “tu”, nayo si u yetu, wala i, bali ni sauti iliyo katikati ambayo Kiswahili hakina. Mwalimu alinishukuru, kisha akasema kwa upole kwamba “tu” na “es” ni maneno mawili, nisiyabane. Hakueleza zaidi. Mvua ya masika ilikuwa ikipiga mabati, na kabla darasa halijaisha umeme ulikatika.

Sikulia kwa sababu ya makosa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeahidi kwenda kulitangaza jina la Yesu kwa miezi 18, na jina lenyewe sikuweza kulitamka.

Jioni mama alinikumbusha kwamba mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa akijua Kifaransa. Tulikwenda pamoja, kwa kuwa mmisionari haendi peke yake na mwenzi wangu alikuwa bado hajapangwa. Mzee huyo alikuwa dereva. Kuanzia mwaka 1997 aliwaendesha mawakili waliokuja Arusha katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda, iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, nayo ilikuwa ikikaa katika jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, hadi ilipofungwa Desemba 2015. Akiwasubiri, alikuwa akiketi nyuma ya kioo, mahali pa watazamaji, akivaa vipokea sauti na kuchagua Kifaransa. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Wanakupeleka Kongo?”

Aliwasha mshumaa, akausogeza karibu na uso wangu ili aione midomo. Akaniambia niseme i, niivute, nisisogeze ulimi hata kidogo. Kisha, ulimi ukiwa pale pale, niikusanye midomo kama ninayetaka kuuzima mshumaa. Nilirudia mara nyingi. Mara moja ikatoka, safi, mwali ukayumba, naye akagonga goti lake kwa kiganja. “Jésus,” akasema. “Jésus,” nikasema, na mama akaitikia amina bila kujua kama tulikuwa tunasali au tunajifunza.

Kisha akaniambia niseme ile sentensi ya asubuhi. Niliisema upesi, kama nilivyoisema darasani. Mzee aliuweka mshumaa chini.

“Umesema tué,” alisema. “Hilo ni neno jingine.”

“Lina maana gani, babu?”

“Aliyeuawa.”

Alikaa kimya kwa muda. Halafu alitueleza, pasipo kupandisha sauti, kwamba neno hilo alilisikia kabla hajajua maana yake, kwa sababu lilirudi kila siku: shahidi alisema kwa Kinyarwanda, mkalimani akasema kwa Kifaransa masikioni mwake, na ndani ya maelezo ya kila shahidi, akimtaja kaka, mume au watoto, neno lilikuwa hilo hilo. Siku alipomuuliza wakili mmoja maana yake, hakuweza kuwasha gari mara moja. “Kwa hiyo weka nafasi,” aliniambia. “Tu. Pumua. Es.” Tulifanya hivyo hadi mshumaa ukabaki kipande.

Tulipokuwa tunaaga, aliniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake: kwa nini nimwambie Mungu “tu”, neno la kumwambia mtoto au ndugu, badala ya “vous”, neno la heshima. Nililipeleka swali hilo darasani asubuhi. Mwalimu alieleza kwamba wanakanisa wetu wanaosema Kifaransa humwita Mungu “tu” kwa kuwa ndivyo mtoto anavyomwita baba yake nyumbani. Nililielewa mara moja, kwani hata kwetu mtoto mwenye adabu hamwambii mtu mzima “wewe”, lakini akipiga magoti husema, Wewe, Baba. Siku hiyo nilisali tena, nikaiweka ile nafasi, na mwalimu hakusahihisha kitu.

Jioni tulirudi kwa mzee na jibu. Alilisikiliza lote, kisha akasema kwamba kwa miaka 18 hakuwahi kumwambia mtu “tu” hata mara moja. Kwa mawakili ilikuwa “Maître”, jina la heshima la wakili, na “vous”, mlango wa gari ukifunguliwa na ukifungwa. Aliniomba nisali pale barazani. Nilisali zile sentensi zangu chache, taratibu, na nilipomaliza niliona kwamba alikuwa amevua kofia na kuishika mapajani. Midomo yake ilijikusanya kama ya mtu anayepuliza mshumaa. “Tu,” alisema, akanyamaza kitambo kirefu, mvua ikinyesha, ndipo akasema lililobaki.